Jinsi Nilivyouza Vinu kwa Njia ya Simu

Tangu muhula huu ulipoanza, wenzangu wa bwenini wamenipa jina la Bwana Kinu. Jina hili sikulichagua, wala sikulikataa. Wengine huniita hivyo kwa mzaha, na wengine kwa sababu wamesikia kwamba nilipata fedha wakati wa likizo, nao wanataka kujua njia niliyopita. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliponisikia nikisimulia kwa mara ya kumi penye foleni ya uji, aliniambia, "Andika katika gazeti la shule, wote wasome mara moja." Basi ninaandika. Lakini nawaomba wasomaji wasitazamie habari za utajiri. Habari yenyewe ni ya vinu vitatu, na katika vitatu hivyo kimoja kilinitia aibu ambayo hata leo nikiikumbuka uso hunishuka.

Mjomba wangu ni seremala hapa Newala. Kwetu sisi Wamakonde mjomba si mtu mdogo. Ukoo wetu huhesabiwa kwa upande wa mama, na neno la mjomba ni neno zito. Mwezi wa Desemba mwaka jana, nilipofunga Kidato cha Tatu, mama alinichukua mpaka kwake akasema, "Kaka, mtoto huyu asishinde kijiweni. Mpe kazi." Mjomba akanipa ufagio.

Mjomba hutengeneza vitanda, makabati na milango. Anayo mashine moja ya kukerezea, chombo ambacho wazee wa pwani walikiita keezo. Kwa wale ambao hawajaiona nitaeleza kidogo. Mti hushikwa katikati ya ncha mbili za chuma, kisha mota huuzungusha kwa ukanda. Fundi haukimbilii mti. Husimama imara, huegemeza patasi yake juu ya chuma kilichowekwa kwa kazi hiyo, na mti wenyewe huja kujikata. Zamani, kabla ya mota, mafundi walizungusha mti kwa kamba ya uta, wakivuta na kurudisha, huku patasi ikingoja. Miguu ya vitanda vya zamani vya pwani, yenye mafundo na shingo nyembamba, ilikerezwa kwa namna hiyo.

Siku ya nne mjomba aliokota kipande kimoja katika takataka nilizozifagia, akanionyesha.

"Huu ni mti gani?"

"Mpingo, mjomba."

"Umejuaje?"

"Ni mweusi."

Akacheka. "Kila kilicho cheusi ni mpingo? Hata sufuria ya shangazi yako?" Kisha akakitupa kipande kile ndani ya ndoo ya maji. Kikaenda chini kama jiwe. Akatupa na kipande cha mwembe, nacho kikaelea. Akasema, "Rangi hudanganya. Uzito haudanganyi."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio, lakini hayakuingia moyoni. Yangaliingia, nisingekuwa na habari ya kuandika.

Mpingo ni mti wa ajabu. Nje una ganda la mti mweupe, na ndani ndimo mna moyo wake mweusi. Hukua polepole sana. Husemwa kwamba huchukua miaka 70 hata 100 kufikia unene wa kukatwa. Kwa hiyo mtu akatwangapo kitunguu katika kinu cha mpingo, pengine anatumia mti ulioota kabla babu yake hajazaliwa. Huko Ulaya mpingo hutengenezewa ala za muziki za kupulizwa, kama vile klarineti. Hapa kwetu mti huu haukatwi ovyo. Mjomba hununua vipande kwa mtu mwenye karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu, wala hapokei gogo linaloletwa usiku.

Basi nikaanza kujifunza kukereza vinu vidogo vya kutwangia vitunguu saumu, pamoja na michi yake. Mpingo ni mgumu; patasi hupoteza makali upesi, na vumbi lake huwasha pua na macho, hata nikawa nafunga kitambaa usoni. Kwanza hukerezwa nje, kisha ndani huchimbwa kwa bobari, kisha hupigwa msasa mkali, wa kati na laini. Mwisho hupakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya kula. Kinu changu cha kwanza kilitoboka kitako. Cha pili kilipasuka kwa sababu mti ulikuwa haujakauka. Mpingo ukiharakishwa hupasuka, na ndiyo maana mjomba hupaka nta penye ncha za vipande vyake na kuviacha kivulini miezi mingi. Cha tatu mjomba alikigeuzageuza mkononi, akasema, "Hiki unaweza kumpa mtu." Nilifurahi kupita siku niliyopata matokeo ya Kidato cha Pili.

Lakini nimpe nani? Hapa Newala kila nyumba ina kinu, na mtu hanunui alichonacho. Mnunuzi wa kinu changu yuko mbali, naye ni yule wa mjini ambaye jikoni mwake hamna nafasi ya kinu kikubwa.

Shida hii ya mnunuzi kuwa mbali si ngeni kwa watu wa kwetu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wachongaji wengi wa Kimakonde walihamia Dar es Salaam kuwa karibu na wanunuzi wa vinyago. Huko alikuwako mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyenunua kazi zao na kuziuza kwa wageni. Baadaye Mwenge pakajulikana kwa vinyago. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi, jirani zetu, alikwenda pia Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa kabla ya michoro na vinyago vyake kumpatia sifa katika nchi nyingi. Alifariki mwaka 2005. Wazee hao walilazimika kuacha nyumba zao na kumfuata mnunuzi. Mimi nilijiona mwenye bahati, kwa kuwa simu ya mjomba ingeweza kunifikishia kinu changu Dar es Salaam nami nimekaa Newala.

Basi nikaomba simu. Mjomba alinipa kwa sharti la saa moja kila jioni. Nikafungua ukurasa wa biashara na kupiga picha ya kwanza. Kinu nilikiweka juu ya mkeka wa plastiki, jua la saa saba likiwa utosini. Nyuma yake kuku alikuwa akipita. Chini nikaandika, "Kinu kizuri sana. Bei ni maelewano." Nikangoja. Siku tisa zilipita, na mtu wa pekee aliyeandika aliuliza kama kuku anauzwa.

Binamu yangu anayesoma chuo Mtwara alipokuja Krismasi alinicheka, kisha akanielekeza. Kwanza, piga picha asubuhi, karibu na mlango, mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Pili, weka kitu kinachojulikana na wote kando yake, ili mtu apate kujua ukubwa. Tukaweka yai. Tatu, andika vipimo: urefu sentimita 12, upana sentimita 10. Nne, andika bei waziwazi, maana mtu akifichwa bei hudhani utamwangalia usoni kwanza ndipo umtajie. Nikaandika, "Kinu cha mpingo pamoja na mchi, shilingi 18,000."

Siku ya pili yake alijitokeza mama mmoja wa Dar es Salaam. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, akasema anataka vitatu: kimoja chake, kimoja cha dada yake na kimoja cha jirani anayehama. Alivihitaji kabla ya mwisho wa juma. Fedha zote, shilingi 54,000, alizituma kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 jambo hili limekuwa la kawaida hata vijijini, lakini kwangu mimi lilikuwa kama mwujiza. Mtu asiyenijua aliniamini kwa sababu ya picha yenye yai.

Sasa nafika penye aibu yangu. Vipande vya mpingo vilivyokauka vilikuwa viwili tu. Mjomba alikuwa amekwenda Mahuta kufunga milango, asirudi ila baada ya siku tatu. Ningaliweza kumwandikia yule mama kwamba cha tatu kitachelewa. Niliogopa asije akabadili nia na kudai fedha zake. Basi nilichukua kipande cha mwembe, nikakikereza vizuri, nikakipiga msasa mpaka kikateleza, kisha nikakipaka rangi nyeusi ya viatu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, nikakisugua kwa kitambaa. Wallahi kiling'aa kuliko vile viwili vya kweli. Nikavipanga vyote katika boksi, nikavipeleka kwenye basi, vikaanza safari ya zaidi ya kilomita 600.

Baada ya siku tano nilipokea picha kutoka kwa yule mama. Ilikuwa picha ya kinu changu, na ndani yake vitunguu saumu vilivyotwangwa. Vilikuwa vyeusi. Chini aliandika, "Mwanangu, kinu hiki kimetapika wino."

Jambo baya kuliko rangi ile ni jibu nililompa. Niliandika, "Mama, mpingo ukiwa mpya hutoa rangi kidogo. Uoshe tu." Akanyamaza. Baada ya nusu saa akaandika tena, "Nimevitia vyote vitatu katika beseni nivioshe. Viwili vimezama. Kimoja kinaelea. Naomba unieleze."

Nilikumbuka ndoo ya mjomba. Simu ikawa nzito mkononi kama mpingo wenyewe. Sikujibu. Usiku ule sikulala, na kulipopambazuka mjomba alirudi kutoka Mahuta, akanikuta nimekaa kizingitini. Nikamweleza yote.

Mjomba hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alikaa juu ya gogo, akavua kofia, akasema, "Umewahi kusikia habari za mtu atiaye kokoto katika gunia la korosho?"

"Ndiyo, mjomba." Nani katika Newala hajasikia? Mwenye kokoto hupata shilingi zake siku ile, na mnunuzi akiligundua gunia lile huwashuku wakulima wote wa chama.

"Basi yule huuza uzito wa uongo. Nawe umeuza uzito usiokuwapo. Mpigie sasa hivi, sauti iwe nje, nami nisikie."

Nikapiga. Maneno yetu yalikuwa haya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi niliyevikereza, mama. Kile kinachoelea si mpingo, ni mwembe. Nilikipaka rangi ya viatu, tena kwa kujua. Na jana nilikudanganya mara ya pili."

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba, mama."

"Mwanangu ana miaka miwili. Kitunguu kile nilikuwa nakitwanga kwa supu yake."

Sikuwa na la kusema. Mjomba akaichukua simu, akamsalimu, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yake. Akamwambia kwamba fedha za kinu kile zitarudi saa ile ile, na kwamba akikubali atapelekewa kinu kingine cha mpingo bila ya malipo. Yule mama akajibu kwa upole, "Fedha zangu zirudi. Hivi viwili nimevipenda, nitakaa navyo. Kingine sitaki." Tukamrudishia shilingi 18,000. Hajanunua tena mpaka leo, wala simlaumu.

Jioni ile mjomba alinikalisha na daftari. Tulipokea 54,000. Mpingo wa vinu viwili ulikuwa 8,000. Msasa, nta na umeme 4,500. Boksi na gundi ya karatasi 2,000. Basi 7,000, ambazo mimi sikuzihesabu katika bei kwa sababu sikujua kwamba mzigo hulipiwa kadiri ya umbali na ukubwa. Jumla ya matumizi 21,500, zikabaki 32,500. Toa 18,000 zilizorudi, zikabaki 14,500 kwa kazi ya siku sita. Hata shilingi 2,500 kwa siku hazifiki. "Na jina?" mjomba akauliza. "Jina hatukuliandika katika hesabu, nalo ndilo lililopotea zaidi."

Nilidhani atanifukuza karakanani. Badala yake alisema, "Ulipokosea ni wapi?" Nikasema, katika kupaka rangi. Akasema, "Hapo ni mwisho. Ulikosea ulipodhani picha ndiyo bidhaa. Mtu wa sokoni hukishika kinu, hukipima kwa mkono, hukigonga akisikilize, hukinusa. Mtu wa simu hana mkono wala pua. Wewe ndiwe mkono wake. Ukimdanganya, umemkata mkono."

Maneno hayo niliyafikiri siku mbili. Simu huchukua rangi, haichukui uzito. Je, haiwezekani kuufanya uzito uonekane? Ndipo nilipoijaza maji ndoo, nikatumbukiza kinu cha mpingo, nikapiga picha kutoka juu. Kinu kimekaa chini kabisa, maji yametulia. Nikaandika, "Mpingo wa kweli huzama. Ukifika kwako kikielea, fedha zako zitarudi." Kisha nikakereza kinu kingine cha mwembe, nisikipake kitu ila nta, nikakipiga picha kikielea katika ndoo ile ile. Nikaandika, "Hiki ni mwembe. Ni chepesi na kitachakaa mapema kuliko mpingo. Shilingi 7,000. Nauli ya basi ni juu ya mnunuzi."

Mke wa mjomba alikuja juu aliponiona na ndoo. Watu wa uwanda huu wanajua sababu. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito, na mama zetu walikuwa wakishuka bondeni na kupanda tena na maji kichwani. "Maji ya kupigia picha!" akasema. Tangu siku ile, ndoo ikimaliza kazi ya picha, maji hupelekwa kwenye miche ya mipapai.

Wasomaji wapenzi, huenda mtastaajabu. Mpaka likizo ilipokwisha tuliuza vinu 11, vinne vya mpingo na saba vya mwembe. Ule mwembe ambao niliuficha chini ya rangi ya viatu kwa kuuonea haya ndio watu waliupenda zaidi ulipoitwa kwa jina lake, kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo na walijua wanachonunua.

Tulipata pia barua ya simu kutoka kwa bwana mmoja aliyeko Muscat, mwenye asili ya kwetu, akitaka vinu 20 vya mpingo. Nilitaka kuruka kwa furaha, lakini safari hii nilisubiri. Mjomba alikwenda kuuliza ofisi ya misitu. Tukafahamu kwamba tangu Januari 2017 miti yote ya jamii ya mpingo imo katika mkataba wa mataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, uitwao CITES. Mwaka 2019 mkataba huo ulilegezwa kwa vitu vilivyokwisha tengenezwa, mzigo wenye mti usiozidi kilo 10, mbali na sheria za nchi yetu wenyewe. Tukapima kinu kimoja na mchi wake: gramu 900. Vinu 20 ni kilo 18. Basi tukamjibu yule bwana kwamba mzigo wake unahitaji vibali ambavyo sisi bado hatunavyo. Akaandika, "Ahsante kwa kuniambia kabla ya kutuma fedha." Sijui kama atarudi.

Kwa wenzangu wanaotaka kuanza, nina machache ya kuwaambia. Jifunzeni kazi kwanza, simu baadaye. Andikeni vipimo, uzito, jina la mti, na kasoro kama ipo; kama kuna ufa mdogo, upigeni picha. Hesabuni nauli kabla ya kutaja bei. Kitu kinachogusa chakula msikipake ila kile ambacho ninyi wenyewe mngekila. Mkichelewa, semeni mmechelewa. Na simu, kama walimu wetu wanavyotukumbusha, haina ruhusa shuleni. Mimi huuza wakati wa likizo tu, na mjomba ndiye mwenye ukurasa.

Kwa wazazi nawaomba jambo moja. Mkimwona kijana ameinamia simu, msifikiri daima anacheza, wala msifikiri daima anafanya kazi. Mwulizeni anachouza, kisha mwambieni akioneshe ndani ya ndoo ya maji.

Kile kinu kilichoelea yule mama aliturudishia kwa basi, kwa gharama yake, bila neno lolote. Rangi imebanduka upande mmoja, na weupe wa mwembe unaonekana. Nilitaka kukitia motoni, mjomba akanizuia. Sasa kiko juu ya meza ya mashine, nacho hutiwa misumari. Kila niingizapo mkono kuchukua msumari, vidole hutoka na weusi kidogo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne